Kalamu ya risasi haina risasi, tazama kopo la rangi

Mama mmoja wa Chumbageni, jijini Tanga, aliniuliza swali ambalo naamini wazazi wengi mnalo. Mwanawe yuko darasa la 3. Ana mazoea ya kutafuna kalamu ya risasi anapochora, na mtoto huyu anachora kutwa: nyuma ya daftari la hisabati, kwenye maboksi ya sabuni, hata kwenye ukuta wa jikoni. Siku moja shangazi yake alimwona na kalamu mdomoni akapiga kelele, "Hiyo ni risasi, utakufa!" Tangu siku hiyo kalamu zimefungiwa kabatini. Shuleni anaandika kwa sababu hakuna namna. Nyumbani ni marufuku.

Shida ikaanzia hapo. Familia hii ilihamia mjini kutoka Pangani miezi michache iliyopita, na mtoto hakufurahia kuhama. Kuchora ndiko kulikokuwa kunamtuliza. Sasa hachori, halali vizuri, na mtoto mkubwa wa miaka 9 amerudi kukojoa kitandani. "Daktari," mama akaniuliza, "nimwache achore apate sumu, au nimnyime apone sumu lakini ashinde amenuna?"

Msomaji wangu, swali hili lina majibu mawili, na la pili ni muhimu kuliko la kwanza.

La kwanza ni rahisi. Kile kijiti cheusi kilichomo ndani ya kalamu ya risasi si risasi. Ni grafaiti, ndugu wa mkaa, iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi na kuchomwa. Watu wa Borrowdale, kaskazini mwa Uingereza, walipoanza kuichimba katika karne ya 16 walidhani ni aina ya risasi kwa weusi wake, jina likaganda, nasi tukalirithi kwenye Kiswahili. Mchanganyiko wa grafaiti na udongo tunaoutumia mpaka leo ulibuniwa na Mfaransa Nicolas-Jacques Conté mwaka 1795. Mtoto akimeza kipande kidogo cha grafaiti kitapita tumboni na kutoka.

Simaanishi kwamba kutafuna kalamu ni jambo la kuliendekeza. Kibanzi cha mti huchoma fizi, kile kichuma cha kushikia raba kinaweza kumkaba, na watoto wakiazimana kalamu wanaazimana na mafua pia. Mbaya zaidi ni kukimbia na kalamu mdomoni: akijikwaa, inamchoma kaakaa. Tena rangi iliyopakwa nje ya kalamu za bei ya chini hatujui kila mara imetengenezwa kwa nini. Kwa hiyo mkanye, mpe kitu kingine cha kutafuna, hata mswaki wa mti. Lakini kalamu mrudishie.

Jibu la pili ni kwamba risasi ya kweli huenda ipo nyumbani kwenu, ila si pale shangazi alipoitafuta.

Nenda stoo. Karibu kila nyumba ya pwani ina kopo la rangi ya mafuta lililobaki baada ya kupaka milango, madirisha au dau la babu. Kifuniko kimeshika kutu, ndani kuna utando, na chini yake rangi bado mbichi. Mtoto akiambiwa shuleni alete rangi kwa ajili ya kazi ya sanaa, kopo hilo ndilo la kwanza kukumbukwa, maana linang'aa na halihitaji fedha.

Siwalaumu watoto kwa kupenda rangi ya kung'aa. Mtindo wa uchoraji wa Tanzania unaojulikana kuliko yote ulizaliwa kwenye rangi hiyo. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 huko kusini, alikuja Tanga katika miaka ya 1950 kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge kabla ya kwenda Dar es Salaam. Alipoanza kuchora, karibu mwaka 1968, alitumia alichoweza kukinunua: mbao laini za ujenzi na rangi ya mafuta, ile waliyokuwa wakipakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972, na wanafunzi wake wakaendelea na rangi hiyo hiyo. Leo mwalimu akitaka kuwafundisha watoto kuchora twiga au kanga mwenye madoadoa, mfano wanaoujua ni Tingatinga. Wafundisheni, ni urithi wenu. Ila mtindo unaweza kufundishwa bila kopo la mafuta.

Kwa nini nasema hivyo? Watengenezaji wa rangi za mafuta kwa miaka mingi wameongeza madini ya risasi ili rangi ikolee, ikauke upesi na isipauke juani. Rangi kali, hasa njano, nyekundu, chungwa na kijani, ndizo huwa na risasi nyingi zaidi. Kiwango kinachopendekezwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa ni risasi isiyozidi sehemu 90 katika kila sehemu milioni za rangi. Shirika la AGENDA la Dar es Salaam limepima rangi za mafuta zinazouzwa nchini zaidi ya mara moja, na limekuta baadhi zimevuka kiwango hicho kwa mbali. Kopo la zamani lisilo na lebo ndilo la kuogopwa zaidi. Ukinunua jipya, tafuta maandishi yanayosema halina risasi, na kwa kazi za watoto nunua rangi ya maji.

Risasi haina harufu wala ladha ya kumwonya mtoto. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima, kisha mwili unaihifadhi kwenye mifupa na meno kwa miaka. Inaharibu ubongo unaokua. Hutamwona akianguka kifafa leo (hiyo hutokea kwa sumu nyingi sana). Utamwona anasahau, hatulii darasani, anapungukiwa damu, tumbo linamuuma bila sababu, na wewe utasema ni mtundu au mvivu. Madhara kwenye akili hayarudi nyuma. Hapo ndipo penye hasara, msomaji wangu: mtoto anapigwa kwa kutoelewa hesabu, kumbe tumemlisha kitu wenyewe.

Kwa watoto wa wavuvi kuna risasi nyingine, tena hii inaitwa kwa jina lake. Zile risasi za nyavu na mishipi ni madini yenyewe. Nimewaona watoto wakizing'ata kwa meno kuzibana kwenye uzi, wakizipanga kama vikete, na wakubwa wakiyeyusha risasi za betri kuukuu za gari kwenye sufuria ili kumimina mpya, watoto wamezunguka moto kutazama. Mvuke ule na vumbi lake ni sumu. Kama kazi hiyo lazima ifanyike, ifanyike mbali na nyumba, watoto wasiwepo, na sufuria ile isirudi jikoni kamwe. Vilevile dau linapokwanguliwa rangi ya zamani: vumbi lile linatua kwenye mchanga ambao mtoto atauchezea jioni. Lowanisha kwanza ndipo ukwangue, kisha zoa mabaki yote.

Nimalizie habari ya stoo kwa jambo ambalo si risasi lakini linatuletea watoto hospitalini. Tina ya kuyeyushia rangi na mafuta ya taa hayawekwi kwenye chupa ya soda wala ya maji. Mtoto anayetoka kucheza juani hasomi, anakunywa. Akishakunywa, usimtapishe na usimnyweshe maziwa wala mafuta ya kula ili atapike, kwa sababu akitapika kimiminika hicho huingia kwenye mapafu, na hapo ndipo panapoua. Mkimbize kituo cha afya na chupa yenyewe mkononi. Gundi ya viatu nayo ina mvuke wa aina hiyo, haifai darasani. Na unga mweusi wa betri za tochi, ambao wengi wetu tulipakia ubao wa shule enzi zetu, tuuache uwe hadithi. Una manganizi, na vumbi lake likivutwa mara kwa mara linadhuru neva.

Sasa nije kwa wasichana, maana sanaa ya kwanza ya mtoto wa kike wa pwani haianzii kwenye karatasi, inaanzia kwenye viganja. Kila sikukuu na kila harusi wanachorana, na wengine wa darasa la 5 au la 6 wana mkono mzuri kuliko mafundi. Hina halisi, majani yaliyosagwa, hutoa rangi ya kahawia au nyekundu ya kutu na hukaa saa nyingi kabla ya kukolea. Inayotoa weusi ndani ya nusu saa si hina. Hiyo ni piko, dawa ya kutia nywele rangi, na ina kemikali ambayo ngozi ya baadhi ya watu huikataa vibaya. Malengelenge yanafuata mchoro kama ulivyochorwa: ua, jani, mstari, vyote vimevimba. Kwa anayepakwa mara ya kwanza yanaweza kutokea baada ya wiki moja au mbili, wakati sikukuu imeshasahaulika. Makovu hubaki, na mzio wenyewe haumwachi. Akija kutia rangi nywele akiwa mtu mzima, kichwa na uso vitavimba. Watoto wasipakwe piko, nukta. Hata hina halisi isipakwe kwa mtoto mchanga. Huku kwetu pwani wapo watoto wengi wenye upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na hina ikipenya kwenye ngozi yao nyororo inaweza kupasua chembe nyekundu za damu.

Jambo jingine ninaloliona kila mwaka ni udongo. Mwalimu anasema, "Kesho kila mmoja aje na udongo wa mfinyanzi." Mwalimu ana nia njema na somo la Sanaa na Michezo limo kwenye mtaala. Lakini udongo mzuri unapatikana wapi? Kandokando ya mito na madimbwi, na watoto wanakwenda wenyewe baada ya shule, saa 7 au saa 8 mchana, peku, wakiingia majini mpaka magotini.

Kichocho kinapendwa na mazingira hayo hayo. Konokono wadogo wa maji yasiyo na chumvi wanatoa vimelea vingi zaidi jua linapokuwa kali, na vimelea hivyo hupenya ngozi nzima, isiyo na kidonda, ndani ya dakika chache. (Bahari haina kichocho, msiwazuie watoto kuogelea kwa sababu hiyo.) Aina iliyozoeleka pwani ni kichocho cha mkojo. Mtoto hukojoa damu, mara nyingi matone ya mwisho, au husikia maumivu, au hasikii kitu kabisa huku kibofu kikiharibika polepole. Ziko familia zinazodhani mvulana kukojoa damu ni dalili ya kubalehe. Si kweli. Kwa msichana, ugonjwa huu hushambulia hata via vya uzazi. Dawa yake, prazikwanteli, inapatikana, na hugawiwa pia shuleni kwenye kampeni. Siku ya kugawa mtoto ale kwanza, maana ikimezwa na tumbo tupu humchafua.

Ndiyo maana sikumjibu yule mama wa Chumbageni habari ya kitandani papo hapo. Mtoto aliyetoka wilaya yenye mito, anayerudia kukojoa kitandani, hapewi jina la "ana huzuni" kabla mkojo wake haujapimwa. Nilimwomba amlete kwanza.

Je, udongo tuuache? La hasha. Kufinyanga ni zoezi bora la vidole kuliko yote ninayoyajua. Mtoto wa darasa la 1 anayeshika kalamu kwa ngumi, anayechoka baada ya mistari mitatu, mara nyingi ana misuli ya kiganja isiyo na nguvu, si akili isiyo na nguvu. Mpe udongo wiki kadhaa kisha tazama mwandiko. Ila udongo uletwe na mtu mzima mwenye mabuti, uchimbwe kwenye ukingo mkavu, au mnunue kwa akina mama wafinyanzi. Uanikwe mpaka ukauke kabisa, utwangwe, uchekechwe, ndipo ulowekwe kwa maji safi ya bomba. Ukavu unaua vimelea vya kichocho na viluwiluwi vya safura. Mayai ya minyoo mingine ni sugu, kwa hiyo baada ya kazi mikono ioshwe kwa sabuni na kucha zikatwe fupi. Walimu, ndoo yenye bomba na kipande cha sabuni ni kifaa cha sanaa kama ilivyo brashi.

Jirani zetu wa Zanzibar waligeuza jambo hili upande wa pili. Walitumia sanaa kupigana na kichocho. Shule za msingi za Unguja zilipata kijitabu cha picha kiitwacho Juma na Kichocho, na mradi mkubwa wa kutokomeza ugonjwa huo Unguja na Pemba, ulioanza mwaka 2012, uliwatumia walimu kufundisha kwa michezo na vitendo, si kwa hotuba. Shule yoyote ya Muheza au Mkinga inaweza kufanya jambo dogo la namna hiyo wiki ijayo: watoto wa darasa la 5 wachore ramani ya kijiji, waonyeshe wanapoogelea, wanapofua, choo kilipo na kisichokuwepo. Mwalimu atajifunza mambo ambayo hakuna mzazi angemwambia.

Wasomaji wengi mtasema, haya, umetukataza kila kitu, sasa mtoto achore kwa nini? Fuatana nami jikoni, maana hapa ndipo ninapopenda.

Unga wa kufinyanga kwa watoto wadogo: vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi laini, kikombe 1 cha maji ya uvuguvugu, kijiko cha mafuta ya kula. Ukande mpaka usishike mikono. Ule uliobaki ufunge kwenye mfuko, utakaa siku kadhaa. Chumvi inazuia kuoza, na inamfanya mtoto aliyeonja asirudie. Vikishakauka juani siku 2 au 3 vinapakwa rangi. Tahadhari moja ya kwetu: masika ikifika, chumvi inavuta unyevu, na kile kindege kizuri kilichokaa dirishani kinalegea kama andazi lililolowa. Mwambieni mtoto mapema asilie.

Rangi. Njano ni manjano, lakini nunua mizizi uikwangue mwenyewe. Huko Bangladesh watafiti walikuta wafanyabiashara wakitia manjano ya unga rangi ya madini yenye risasi ili ikolee, mpaka serikali ikaingilia kati. Nyekundu ya kuelekea chungwa ni mbegu za mzingefuri zikisuguliwa na matone ya mafuta; kama huna mti, uliza wanaouza viungo. Nyeusi ni mkaa uliosagwa ukachanganywa na uji mwepesi. Kahawia ni kahawa, au udongo mwekundu uliochekechwa. Na choya, ile tunayotengenezea juisi, ina mchezo wake: chemsha maua machache, gawa maji yake kwenye vifuu vitatu vya nazi. Cha kwanza kiache. Cha pili kamulia limau, wekundu unawaka. Cha tatu tia chembe ya magadi, utaona rangi inageuka kuelekea buluu na kijani. Nimewahi kuona kidato cha 1 wakikataa kwenda mapumziko kwa ajili ya vifuu hivyo vitatu. Rangi hizi hazina dawa ya kuzihifadhi, kwa joto la Tanga zitachacha kesho kutwa, zimwage utengeneze nyingine.

Gundi ni kijiko cha unga wa muhogo katika kikombe cha maji, ukoroge motoni mpaka uwe uji mzito wa kung'aa. Inashika karatasi na kitambaa barabara.

Brashi mnazo kuliko mji wowote nchini. Mkonge uliletwa huku mwaka 1893 na Richard Hindorf, na hadi leo Tanga ndiyo nyumba yake. Funga kishungi cha katani kavu kwenye kijiti kwa uzi, kata ncha sawasawa. Sisitizo langu liko kwenye neno kavu: maji ya jani bichi la mkonge yanawasha ngozi mpaka kutoa vipele, na ule mwiba wa nchani ni hatari kwa macho. Mtoto asitumwe kukata jani, aletewe nyuzi zilizokwisha kusafishwa.

Kwa wakubwa, kuanzia darasa la 5 mpaka kidato cha 2, rudini kwenye ukili. Bibi yupo, miyaa ipo. Kusuka kunataka kuhesabu na kukumbuka ulipofika, na mikono yote miwili ifanye kazi tofauti kwa wakati mmoja. Kuchemsha miyaa kwenye rangi ya dukani ni kazi ya mtu mzima mwenye glavu, kwa sababu ya moto na kwa sababu ya unga wa rangi. Mtoto asuke tu. Magari ya waya na mikebe nayo ni sanaa, tena ya uhandisi. Kingo za mkebe zikunjwe kwa nyundo, na aliyekatwa na bati lenye kutu apelekwe kituo cha afya kwa ajili ya pepopunda, si kumwagiwa mafuta ya taa kwenye kidonda.

Wakati mtoto anachora, mtazame kidogo kwa jicho la afya. Anayeinamia karatasi mpaka pua inagusa, au anayefunga jicho moja, akapimwe macho; hospitali ya rufaa ya mkoa, Bombo, ipo. Mvulana anayepaka majani kahawia na damu kijani, kila mara, huenda hatofautishi nyekundu na kijani. Hilo ni la kuzaliwa nalo na halina dawa, lakini mwalimu akijua ataacha kumchapa.

Sasa turudi kwa mtoto wetu mkimya. Mkojo wake ulipimwa, ulikuwa safi. Kwa hiyo tulibaki na huzuni ya kuhama, nami nikamwambia mama arudishe kalamu. Akaniuliza swali zuri: "Nimwambie achore Pangani, ili atoe yaliyo moyoni?"

Nilimwambia asimwambie kitu. Watafiti wawili wa Marekani, Jennifer Drake na Ellen Winner, waliwafanyia jaribio watoto wa miaka 6 hadi 12 na kuchapisha matokeo mwaka 2013. Waliwataka watoto wakumbuke jambo lililowaudhi, kisha wengine wachore jambo lile lile, wengine wachore kitu kingine kabisa. Waliochora kitu kingine ndio waliopata nafuu zaidi. Akili ya mtoto inapumzika kwa kwenda mahali pengine. Akitaka kuchora mto na ngalawa za Pangani atachora mwenyewe. Akitaka kuchora ndege za kivita, aachwe. Wewe kaa karibu, menya muhogo, sema neno moja, "Nieleze hapa," kisha nyamaza. Wataalamu wa New Zealand walionyesha mwaka 1998 kwamba mtoto anayechora huku anasimulia hueleza mengi zaidi ya anayehojiwa tu.

Lakini tusigeuke waganga wa kupiga ramli kwa michoro. Rangi nyeusi si ushahidi kwamba mtoto anateswa; pengine ndiyo kalamu pekee iliyobaki. Picha haipimi kama maabara. Kinachohesabika ni anachokisema na jinsi anavyoishi: aliyebadilika ghafla, anayemwogopa mtu fulani, anayekataa kwenda mahali fulani. Huyo msikilize, usimhoji mara kumi, na upige simu 116, namba ya bure ya kusaidia watoto, au uende dawati la jinsia na watoto polisi.

Bila shaka mnataka kujua lile kopo la stoo mlifanye nini. Usilimwage kwenye mtaro, litaishia baharini, na usilichome. Lifunge, liweke juu asikofika mtoto, na liulizieni kwa afisa afya wa kata yenu. Mtoto aliyekwisha kuichezea rangi hiyo aoshwe mikono na uso, nguo zifuliwe peke yake. Mpe chakula chenye madini ya chuma na chokaa, yaani dagaa, mchicha na maziwa, kwa sababu mwili wenye chuma na chokaa vya kutosha hufyonza risasi kidogo zaidi. Na asichore tumbo likiwa tupu. Risasi hupenya zaidi kwa mwenye njaa. Kama amekuwa akiitumia kwa muda mrefu na ana dalili nilizozitaja, mweleze daktari wazi kwamba alichezea rangi ya mafuta, maana sisi madaktari tusipoambiwa tutatibu minyoo tu.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, nitajibu maswali yenu kuhusu watoto na macho mekundu yanayoenea shuleni.